Waliofika Mlangoni Wakarudi



Yamkini umewahi kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa aliyekwisha katiwa tamaa. Pumzi imepotea, jamaa wameanza kulia, na mtu ametumwa kwenda kununua sanda. Mara mgonjwa akavuta pumzi, akafumbua macho, akaomba maji. Siku zilizofuata akawasimulia walio karibu naye mambo ya ajabu: ya kwamba alijiona yuko juu akiutazama mwili wake mwenyewe umelala chini, aliwaona waliokuwa wakimlilia, aliona nuru, kisha akaambiwa arudi, kwani saa yake haijafika. Habari za namna hii husimuliwa katika kila nchi na kila dini, na kila azisikiaye hujiuliza: Je, mtu huyu ameiona Akhera, au ameota tu?

Lakini nyuma ya swali hili liko jingine lililo zito zaidi. Mtu apatwapo na jambo kama hilo, yampasa aifanyeje imani yake? Nasi ambao hatukuona chochote, yatupasa tuipokeeje habari yake? Katika makala hii nataka tuyachungue maswali haya mawili kwa insafu, bila ya kumpendelea mwenye kuamini wala mwenye kukana.

Mwanafalsafa aliyezimika dakika nne

Hebu tuanze na mtu ambaye hakuna awezaye kumshitaki kwamba aliona alichotamani kuona. Mwingereza A. J. Ayer, aliyezaliwa mwaka 1910, alikuwa mmoja wa wanafalsafa mashuhuri wa karne ya ishirini. Katika mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 25, alitoa kitabu kiitwacho Language, Truth and Logic. Humo alifundisha kwamba maneno yasiyoweza kuhakikishwa kwa milango ya fahamu, wala si kweli kwa maana yake yenyewe kama hesabu zilivyo, hayana maana yoyote. Kwa kipimo hicho hakusema tu kwamba Mungu hayuko; alisema kwamba hata kuuliza kama Yuko ni kutamka maneno matupu. Alishikilia ukanaji wake kwa zaidi ya miaka 50.

Katika mwaka 1988 Ayer alilazwa hospitalini London kwa ugonjwa wa mapafu. Siku moja alipokuwa akila kipande cha samaki aliyekaushwa kwa moshi, kikamkwama kooni, na moyo wake ukasimama kwa muda wa dakika nne. Madaktari wakamhuisha. Baadaye, tarehe 28 Agosti mwaka huo, aliandika habari yake katika gazeti la Sunday Telegraph. Alieleza kwamba aliikabili nuru nyekundu, kali mno, yenye kuumiza hata alipogeuka kuikwepa; naye akafahamu kwamba nuru hiyo ndiyo itawalayo ulimwengu. Chini yake walikuwapo viumbe wawili waliokabidhiwa ulinzi wa anga, lakini walikuwa wameifanya kazi yao ovyo, hata mambo ya anga yakaenda mrama. Yeye akajiona ana wajibu wa kuyatengeneza. Akawa anakwenda huku na huku akiipungapunga saa yake ili awavute wasikilize habari za wakati. Lakini hawakumjali, akazidi kuhangaika, na hapo maono yakakoma.

Je, aliamini? Katika makala ile alisema kwamba imani yake kuwa kifo ndicho mwisho wake imelegea kidogo, ingawa angali akitumaini kwamba utakuwa mwisho kweli. Watu wengi wakashangilia, wengine wakamcheka. Yapata mwezi mmoja na nusu baadaye akaandika tena kurekebisha maneno yake: kilicholegea si kauli yake kwamba hakuna maisha baada ya kifo, bali ni ule ugumu aliokuwa nao katika kuishikilia kauli hiyo. Mkewe alisema kwamba tangu siku ile mumewe amekuwa mwema zaidi. Tena, baada ya miaka mingi, daktari mmoja aliyemtibu alisimulia kwamba Ayer alimwambia faraghani kuwa alimwona Mungu. Lakini hayo yalitoka wakati Ayer mwenyewe amekwisha fariki na hawezi kuyathibitisha wala kuyakanusha, basi sisi hatutayafanya msingi wa hoja yetu.

Wataalamu wamepata nini?

Tangu daktari wa Kimarekani Raymond Moody alipotoa kitabu chake Life After Life mwaka 1975, jambo hili limetoka katika masimulizi ya watu na kuingia katika uchunguzi. Mwaka 2001 daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya kuwahoji wagonjwa 344 waliohuishwa baada ya mioyo yao kusimama, katika hospitali 10. Kati yao 62, yaani asilimia 18, walisema kwamba kuna mambo waliyoyaona au kuyahisi. Waliosalia hawakukumbuka kitu, ingawa wao nao walifika karibu na kifo.

Mwaka 2002 mtaalamu Olaf Blanke na wenzake wa Uswisi walieleza habari ya mwanamke mwenye kifafa. Walipogusa kwa umeme hafifu sehemu moja ya ubongo wake, alisema anajiona yuko juu akiutazama mwili wake kitandani. Umeme ulipokatwa, hali ile ikaondoka.

Na katika mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioongozwa na daktari Sam Parnia katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Humo vilitundikwa vibao karibu na dari, na juu yake picha ambazo hakuna awezaye kuziona ila aliye juu. Kati ya wagonjwa 2,060 ambao mioyo yao ilisimama, walipona 330, na 140 wakahojiwa. Wawili tu walieleza kwamba waliona na kusikia yaliyokuwa yakitendeka wakati wa kuhuishwa. Lakini wote wawili mioyo yao ilisimama mahali pasipokuwa na vibao hivyo. Kwa hiyo swali lililokusudiwa kujibiwa lilibaki vile vile.

Makundi mawili yenye haraka

Mbele ya habari hizi watu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yana haraka.

Kundi la kwanza husema: "Mambo yamekwisha, Akhera imethibitika." Ndugu zangu, tusijenge nyumba juu ya mchanga. Kwanza, moyo kusimama kwa dakika nne si mauti yale yasiyo na marejeo. Kurani Tukufu katika Sura Al-Muuminun inafundisha kwamba nyuma ya waliokufa kuna kizuizi, barzakh, mpaka siku watakapofufuliwa. Aliyerudi, basi, alifika mlangoni, hakuingia nyumbani. Pili, wanayoyaona watu hawa hayafanani. Mara nyingi kila mmoja humwona yule aliyefundishwa kumtazamia. Nani kati yetu atakubali kuwa ni nguzo ya imani yake ile habari ya walinzi wawili wa anga walioshindwa kazi? Tukiyapokea maono yanayotupendeza na kuyatupa yasiyotupendeza, hapo hatupimi tena, twachagua. Tatu, Ayer mwenyewe alikumbusha jambo la haki: mtu kuendelea kuishi baada ya kifo hakuthibitishi peke yake kuwako kwa Mungu. Alimtaja mwanafalsafa McTaggart, aliyemkana Mungu na hata hivyo akaamini kwamba nafsi haifi.

Kundi la pili husema: "Ni ubongo tu, umeme umegusa mahali fulani, basi." Hawa nao wamevuka mpaka wa ushahidi wao. Ukifumba macho na kulibonyeza jicho kwa kidole utaona miali ya nuru. Je, hiyo ni hoja ya kwamba jua halipo? Kuonyesha kwamba kitu chaweza kuletwa kwa njia fulani si kuonyesha kwamba hakiletwi kwa njia nyingine. Tena yatupasa kuwa waadilifu: mfano huu hauthibitishi kwamba nafsi ipo, wabainisha tu kwamba waya wa umeme haukuikanusha. Muumini asiogope kusikia kwamba ubongo unahusika. Nafsi imewekwa ndani ya mwili, na hapana ajabu mwili ukitikisika hata nafsi ipate khabari. Kuhusu roho, Kurani Tukufu yenyewe katika Sura Bani Israil imetuambia kwamba tumepewa elimu kidogo tu. Huo ni unyenyekevu unaowafaa pande zote mbili.

Yakini haiazimwi

Huenda utauliza, "Basi, habari hizi hazina faida?" Zinayo faida, ila lazima tuiweke mahali pake.

Wanazuoni wa Kiislamu wameeleza daraja tatu za yakini. Mtu akiona moshi kwa mbali, hujua kwamba kuna moto. Hiyo ni yakini ya elimu. Akisogea akauona moto wenyewe, hiyo ni yakini ya jicho. Akiingiza mkono akaungua, hiyo ni yakini ya kweli yenyewe. Aliyezimika akarudi anasema ameona moto. Hatuna haki ya kumwita mwongo. Lakini wewe unayemsikiliza bado uko kwenye moshi. Jicho lake halikuwa lako. Ushahidi wake waweza kukuamsha usogee. Hauwezi kusogea kwa niaba yako. Yakini haiazimwi kama kanzu ya harusi.

Wala usidhani kwamba umenyimwa mlango. Katika Sura Az-Zumar Kurani Tukufu yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi wakati wa mauti, na zile zisizokufa huzichukua katika usingizi. Kisha huizuia ile aliyoikatia mauti, na kuirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Na Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akiamka humshukuru Mungu aliyetuhuisha baada ya kutufisha. Kumbe kila usiku wewe nami twafikishwa mlangoni, na kila alfajiri twarudishwa! Twastaajabia mtu mmoja aliyerudi London baada ya dakika nne, nasi tumerudi mara elfu nyingi pasipo hata kuuliza tumerudishwa kwa ajili gani.

Matunda ndiyo kipimo

Hapa ndipo liliposimama swali letu la kwanza: mwenye kuona afanyeje? Wale wachunguzi wa Uholanzi waliwatafuta tena wagonjwa wao baada ya miaka 2, na tena baada ya miaka 8. Waliowahi kuona maono walikuwa, zaidi ya wengine, wamepungukiwa na hofu ya kifo, wameongeza kuamini maisha ya baadaye, na wamekuwa na huruma zaidi kwa watu. Mimi naona ya kwamba hapo pana ushahidi mzuri kuliko habari za nuru na vibao. Mti hujulikana kwa matunda yake. Mfanyabiashara aliyeiona nuru ya mbinguni, kisha akarudi dukani na mizani yake ile ile ya kupunja, imemfaa nini nuru hiyo? Na mwanafalsafa aliyeona jambo asilolifahamu, akawa na ujasiri wa kukiri hadharani, mbele ya wanafunzi na mahasimu wake, kwamba ugumu wake umelegea, huyo ametenda tendo la haki ambalo waumini wengi hawajalitenda. Hakuiamini Akhera, ila aliufungua mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo. Hukumu yake iko kwa Mola wake, si kwetu.

Lakini wewe mwenye kutafuta, usiseme, "Nami nitangoja mpaka nione." Kumbuka habari ya Firauni katika Sura Yunus. Maji yalipomzunguka alitamka kwamba anaamini, akaambiwa: Sasa? Hapakuwa na kosa katika maneno yake. Kosa lilikuwa wakati wake. Imani ina thamani kwa sababu mtu huichagua pazia lingali limeteremshwa, awezapo bado kuikataa. Pazia likiisha kuondolewa, kila mtu atakubali, kama kila mtu akubalivyo kwamba jua limechomoza. Nani atalipwa kwa kukubali jua? Anayerudishwa duniani baada ya kuzimika amerudishiwa pazia, na pamoja nalo nafasi ya kuchagua. Hiyo ndiyo zawadi yake. Nawe zawadi hiyo hiyo umepewa asubuhi ya leo.

A. J. Ayer alifariki dunia tarehe 27 Juni 1989, mwaka mmoja na siku chache baada ya zile dakika nne. Mwaka mmoja ndio aliokopeshwa. Deni letu sisi halijaandikwa tarehe, na si lazima aliye mgonjwa atangulie. Basi, ndugu msomaji, usiku huu kabla ya kulala, jiulize: kama kesho sitarudishwa, ni haki ya nani iliyo mikononi mwangu? Ni nani niliyemnunia? Ni sala gani niliyoiahirisha? Ukirudishwa alfajiri, anza na hilo la kwanza. Huna haja ya kungoja moyo usimame ndipo ujue kwamba umepewa muda.

Mwenyezi Mungu atufungulie macho kabla ya kufungwa, atupe yakini inayozaa matendo mema, na atujalie turejee Kwake hali ya kuwa Yu radhi nasi. Amin.