Tumkaribieje Mungu Aliye Karibu?



Mtu akitoka Rusimbi akasimama penye mwinuko uelekeao ziwa, akatazama magharibi, aona maji ya Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Lakini haioni milima hiyo siku zote. Wakati wa kiangazi, moto wa mapori ukijaza moshi angani na ukungu ukilala juu ya maji, milima ile hutoweka kabisa, hata mgeni afikaye Kigoma mwezi wa Agosti aweza kuondoka akidhani kwamba ziwa hili halina ng'ambo. Kisha mvua za kwanza hunyesha, hewa hutakata, na asubuhi moja watoto hupiga kelele wakisema, "Kongo inaonekana!" Je, milima ilikuwa imekwenda wapi? Haikwenda popote. Kilichobadilika ni hewa iliyo kati yetu nayo.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ya swali ambalo Wakristo wengi huniuliza, nami mwenyewe nimejiuliza mara nyingi: Nifanye nini nipate kumkaribia Mungu? Swali hili lina fumbo ndani yake. Tangu tulipokuwa wanafunzi wa dini tumefundishwa kwamba Mungu yuko mahali pote. Basi aliye mahali pote hukaribiwaje? Hakuna mtu afungaye safari kwenda mahali alipo tayari.

Jibu, nadhani, ni hili: kuna umbali wa miguu, na kuna umbali wa moyo. Ndugu wawili waweza kula sahani moja, mikono yao ikigusana, na huku mioyo yao iko mbali kabisa kwa ajili ya shamba waligombalo. Na mama aliyeko Ujiji na mwanawe afanyaye kazi Dar es Salaam, ambao kati yao pana reli ya zaidi ya kilomita 1,200, waweza kuwa karibu sana, kwa kuwa hakuna neno ambalo mmoja amficha mwenziwe. Kwa hiyo kumkaribia Mungu si kusafiri. Ni kuacha kujificha.

Tukumbuke habari ya Yakobo katika kitabu cha Mwanzo. Alimdanganya baba yake, akachukua baraka ya ndugu yake, akakimbia. Usiku ulipomkuta njiani alilala chini, jiwe likiwa mto wake, akaota ndoto ya ngazi. Alipoamka alishikwa na hofu, maana alitambua kwamba Mungu alikuwapo mahali pale, naye hakujua. Habari hii twaihubiri mara nyingi, lakini mara nyingi twaikatiza pale kwenye jiwe. Tuendelee kusoma. Yakobo hakumaliza safari yake Betheli. Baada ya miaka mingi ilimpasa kurudi na kumkabili Esau, yule ndugu aliyemdhulumu. Mungu aliyemtokea njiani hakumsamehe safari ile ya kurudi.

Sasa naomba ruhusa nisimulie jambo langu mwenyewe, ingawa halinipi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wageni wengi nyumbani kwa ajili ya msiba. Fedha zilinipungukia. Karibu nasi aliishi mama mmoja mjane, Mwislamu, mtu mzima mwenye umri wa mama yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kununua dagaa kwa wavuvi, kuwaanika, na kuwauza. Nilimwendea, akanipa dagaa na chupa za mawese kwa mkopo, bila kuandika chochote, akisema, "Wewe ni mwalimu, utaleta." Nilimwahidi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika palikuwa na ada ya mtoto. Mwezi wa pili palikuwa na jambo jingine. Mwezi wa tatu sikuwa na udhuru wowote, ila aibu tu. Na kwa ajili ya aibu nikabadili njia. Badala ya kupita mbele ya nyumba yake nikielekea shuleni, nilizunguka upande wa pili, mwendo wa robo saa zaidi, asubuhi na jioni.

Angalieni jinsi moyo wa mtu ulivyo na hila. Nilijiambia kwamba yule mama hasali kanisani kwetu, wala hawajui wazee wetu, kwa hiyo jina langu la Ukristo halitapata doa. Nilijiambia tena kwamba deni lenyewe ni dogo. Na siku zile zile nilianza kuona kwamba sala zangu zimekauka. Nilipiga magoti, na maneno yalitoka, lakini yalikuwa kama maneno ya mtu asomaye tangazo. Nilidhani dawa yake ni kuongeza ibada. Nikarefusha sala za usiku, nikafunga siku ya Ijumaa, nikajitolea kuongoza masomo kila Jumapili. Watu walinisifu kwa bidii yangu. Mimi mwenyewe nilijiona kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe ameufunga mlango kwa ndani.

Siku moja tulikutana ana kwa ana kwenye bomba la maji, wala sikuwa na njia ya kupenya. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu." Kisha akanitazama kwa huzuni, akasema, "Mwalimu, siku hizi hupiti kwetu. Tumekukosea nini?"

Hakutaja dagaa wala mawese. Mimi niliyemdhulumu ndiye niliyekuwa nikimkimbia, naye aliyedhulumiwa alikuwa akijichunguza atafute kosa lake! Neno lile lilinichoma kuliko mahubiri yote niliyoyasikia mwaka ule. Jioni hiyo niliuza mbuzi wangu mmoja, nikaenda kwake, nikamlipa, nikamwomba radhi. Usiku ule sikusali sala ndefu. Nilisema maneno machache tu, nikalala. Lakini nilijua kwamba nimesikiwa.

Tangu siku ile nimefahamu kwamba Bwana wetu alisema kweli alipofundisha kwamba mtu aletaye sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale kwanza, aende kupatana. Hakusema amalize ibada ndipo aende. Maana njia nilizozizunguka nilidhani zinanitenga na nyumba ya mjane, kumbe zilikuwa zikinitenga na Mungu. Hatuna milango miwili moyoni, mmoja wa Mungu na mwingine wa jirani. Mlango ni mmoja. Ukiufunga kwa jirani, umeufunga.

Basi neno la kwanza ni hili: mtu atakaye kumkaribia Mungu asianze kwa kuongeza sala. Aanze kwa kujiuliza, Ni njia ipi ambayo siku hizi siipiti? Ni nani ambaye nikimwona kwa mbali nageuka? Yamkini hapo ndipo moshi wa kiangazi ulipo.

Lakini labda msomaji mmoja atasema: "Mwalimu, mimi sina deni la mtu wala ugomvi. Taabu yangu ni kazi. Naamka gizani, nakwenda shamba, narudi na kuni, napika, naogesha watoto, nalala nimechoka. Mapadre na masista wana nafasi ya kukaa mbele ya Mungu. Mimi nitaipata wapi?"

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumwambia mtu aliyechoka kwamba ni mvivu wa sala. Napenda kulijibu kwa habari za mtu aliyeishi katika pwani hii hii ya ziwa letu, huko Karema, upande wa kusini. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, huko Afrika ya Magharibi. Alipokuwa mtoto alinyakuliwa na watekaji, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa kama mtumwa. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimkomboa, akasomeshwa, kisha akapelekwa kisiwani Malta kujifunza udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, akiwa daktari na katekista. Hapo alikaa mpaka alipokufa, mwaka 1956.

Hesabuni wenyewe: ni miaka 67, yaani asubuhi zaidi ya 24,000. Kila asubuhi palikuwa na wenye homa, wenye vidonda, wanawake wenye uchungu wa kuzaa, watoto waliao. Si kazi ya kumpa mtu utulivu. Na mtu aliyeibwa kwa mama yake angali mtoto alikuwa na sababu kubwa ya kuichukia dunia na watu wake. Yeye aliwafunga watu vidonda. Mtu kama huyu tusimfikirie kwamba alikuwa na maisha mawili, moja la kazi na jingine la Mungu, na kwamba lile la Mungu lilianza kazi ilipokwisha. Kama lingekuwa hivyo, lingekuwa fupi sana. Bali kidonda alichokiosha kilikuwa mahali pa kukutana. Bwana mwenyewe alisema kwamba atawahesabia watu wake mema waliyowatendea wagonjwa na wenye njaa kana kwamba wamemtendea yeye.

Hata Ulaya palikuwa na mtu aliyelifahamu jambo hili jikoni. Katika karne ya 17 aliishi Paris, nchi ya Ufaransa, bruda mmoja wa shirika la Wakarmeli aitwaye Lawrence wa Ufufuko, aliyekufa mwaka 1691. Hakuwa mwenye elimu kubwa. Kazi yake ilikuwa kupika, na baadaye kushona viatu vya wenzake. Naye alifundisha kwamba kwake wakati wa sufuria na wakati wa sala haukuwa mbalimbali. Aligeuza omleti yake kwa kumpenda Mungu. Kina mama wasomao maneno haya na wajue ya kwamba mwalimu wa jambo hili alikuwa mpishi.

Neno la pili, basi, ni hili: usingoje kazi iishe ndipo umkumbuke Mungu. Mkumbuke ndani yake. Walakini sisi ni wasahaulifu, na moyo huhitaji kengele. Sisi wakazi wa Rusimbi na Ujiji twaishi pamoja na Waislamu, na mara tano kila siku twasikia adhana. Wako Wakristo wanaoona kero. Mimi nimejifunza kuitumia. Sina haja ya kusali sala za jirani yangu. Lakini anaposimama yeye kumkumbuka Muumba wake, kwa nini mimi nisisimamishe jembe au chaki, niseme neno moja tu kwa Baba yangu, kisha niendelee? Mwingine aweza kuifanya kengele yake kuwa ni kuwasha moto, au kuvuka kizingiti. Sala ya pumzi moja, ikisemwa mara kumi kwa siku, huutunza moyo kama vile mama atunzavyo kaa la moto chini ya majivu, ili asubuhi asipate taabu ya kuwasha upya.

Na neno la tatu ni kwa ajili ya wale waliokwisha kufanya hayo yote, na bado hawaoni kitu. Wamelipa madeni, wamesamehe, wanasali, na moyo u baridi. Ndugu zangu, msivunjike moyo. Wavuvi wetu wa dagaa huenda ziwani usiku usio na mbalamwezi. Wakifika huwasha taa juu ya maji, kisha hungoja. Hawayapigi maji kwa kasia ili kuwaharakisha samaki. Hukaa kimya, saa nzima na zaidi, na chini yao maji ni meusi, wala hawaoni kitu. Lakini dagaa wanapanda polepole kuifuata taa. Iko siku watu hurudi na chombo kitupu, na kesho yake huenda tena. Kumwamini Mungu wakati usipomhisi si unafiki. Ni uaminifu, na nadhani ndio uaminifu wenyewe, maana hata mtoto hukaa na baba yake akipewa tamu.

Namaliza kwa kurudi kwa jirani yangu. Yule mama amekwisha kufariki. Kila nipitapo mbele ya nyumba yake, ambayo sasa wanakaa wajukuu, nakumbuka ile robo saa niliyokuwa nikiizunguka kila asubuhi na kila jioni, huku nikimwomba Mungu anikaribie. Naye alikuwa amekaa kwenye njia ile fupi muda wote, akiningoja nipite.

Msomaji mpenzi, kesho asubuhi, utokapo nyumbani kwako, pita njia ile usiyoipenda.