Sufuria Moja Tu



Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana nimechoka kuandika kana kwamba makosa ni ya watu wengine.

Mitihani ilipokwisha, vijana wa VIWAWA wa parokia ninakofanya utume waliniomba niwasindikize kwenda kupumzika Bwawa la Mindu, hapa hapa Morogoro. Tulikuwa ishirini na wawili, Coaster moja, spika moja iliyokuwa inakata kata, na sufuria kubwa la pilau. Kwa asiyepafahamu: ukitoka Msamvu ukaifuata barabara ya Iringa, hukawii kufika. Vilima vya Mindu viko hapo na msitu wao wa miombo, na ng'ambo unaiona milima ya Uluguru, vilele vikiwa ndani ya ukungu. Katikati ni maji yaliyotulia. Bwawa lilijengwa miaka ya 1980 kwa kuuziba mto Ngerengere, na ndilo chanzo kikubwa cha maji ya bomba ya manispaa yetu.

Tuliomba ruhusa kwa wenyeji, tukapika mbali kidogo na maji, chini ya miti. Tukasali Malaika wa Bwana, tukala, tukacheza mpira. Wengine walilala tu kwenye majani wakiangalia juu, na nadhani hao ndio walioelewa siku ile kuliko sisi tuliokuwa tunakimbizana kupiga picha.

Jioni sufuria lilikuwa na ukoko. Kwa kuwa sipendi kuonekana frateri wa kuhudumiwa, nikalibeba mwenyewe hadi ukingoni, nikachota maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikaanza kusugua. Povu likaenda zake bwawani. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anavuta mtumbwi wake karibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, hayo maji watu wanakunywa."

Nikacheka kidogo, kwa adabu. "Ni sufuria moja tu, mzee."

Hakujibu kitu. Alimaliza kuvuta mtumbwi akaondoka. Nilipogeuka nikakuta dada watatu wamechuchumaa nyuma yangu na sahani, wanaosha.

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Kwa hiyo usiku ule nilifanya walichonifundisha kufanya: nilitafuta hoja ya kujitetea. Na hoja ipo, tena nzuri. Bwawa ni kubwa mno. Kijiko kimoja cha sabuni kikichanganyika humo hakuna maabara itakayokiona. Hakuna mtoto wa Kihonda atakayeumwa tumbo kwa sababu yangu. Tukisema kitendo ni kibaya kwa sababu ya madhara yake, na madhara yangu ni sifuri, basi ubaya wangu ni sifuri. Mahesabu yamefunga.

Shida ni kwamba mahesabu hayo hayo yanamfungia kila mtu. Wagiriki walilijua fumbo hili zamani, lile la rundo la nafaka linalohusishwa na Eubulide wa Mileto: ondoa punje moja, bado ni rundo, ondoa nyingine, bado ni rundo, na hakuna punje unayoweza kuinyooshea kidole useme hii ndiyo iliyolimaliza. Lakini rundo linaisha jamani. Na bwawa linachafuka, na hakuna aliyelichafua.

Mwingereza mmoja, Derek Parfit, katika kitabu chake cha 1984 kiitwacho Reasons and Persons, ana mfano ambao ulinisumbua zaidi kwa sababu unakuja kwa upande wa wema. Wako majeruhi elfu kumi jangwani, wana kiu kali. Wako watu wengine elfu kumi, kila mmoja ana chupa ya maji. Wote wanamimina kwenye gari moja la maji, na maji yanagawanywa sawasawa. Chupa yangu mimi inamwongezea kila majeruhi tone lisilosikika ulimini. Je, nisimimine? Kila mtu mwenye akili timamu atasema mimina. Sasa geuza mfano. Ikiwa tone nisiloweza kuliona linahesabika ninapotoa, kwa nini lisihesabike ninapochafua? Hapo sikuwa na jibu, na bado sina.

Kanisa nalo halikungoja Parfit. Katika karne ya 17 kulikuwa na wanateolojia wa maadili waliojaribu kulegeza kamba upande wa wizi mdogo mdogo: leo shilingi, kesho shilingi, kila mara kiasi kisichofikia uzito wa dhambi ya mauti. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani orodha ya mafundisho 65 ya namna hiyo, na mojawapo lilikuwa hili: kwamba mtu aliyeiba kidogo kidogo, hata jumla ikawa kubwa kiasi gani, habanwi chini ya dhambi ya mauti kurudisha. Papa akakataa. Jumla ni yako. Ukweli ni kwamba kesi yangu ni tofauti kidogo, maana pale mwizi ni mmoja na mara ni nyingi, na mimi mara ni moja na watu ndio wengi. Lakini naona mkono wa Kanisa unaelekea wapi. Halikubali udogo uwe mahali pa kujificha.

Nilipowasimulia vijana Jumapili iliyofuata, dada mmoja, mkali kidogo na nampenda kwa hilo, alisimama: "Frateri, huko juu watu wanalima mpaka mtoni, tope lote linashuka bwawani. Kuna wanaomwaga makubwa kuliko wewe. Sisi ndo tukose usingizi kwa ajili ya sufuria?"

Swali la haki. Tope ni kweli, bwawa linajaa mchanga na kina kinapungua, hilo si siri hapa mjini. Lakini fikiria yule mkulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka akae mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, asifanye shughuli inayoweza kuharibu chanzo cha maji. Kwa mtu mwenye shamba dogo bondeni, mita 60 ni mahindi ya watoto. Anaambiwa apunguze chakula ili mimi wa mjini nifungue bomba. Halafu Jumamosi mimi huyo huyo nakuja na Coaster na muziki, nasimama mita sifuri, namwaga sabuni, naita mapumziko. Hata kama anayelima ukingoni anakosea, mimi sina mdomo wa kumwambia.

Na maji hayaishii kwetu. Ngerengere unaendelea hadi kuungana na Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Juu yangu kuna mtu aliyejinyima, chini yangu kuna mtu anayengoja na ndoo. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alisema wazi kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Nilikuwa nimeisoma hiyo. Nilipata hata maksi nzuri.

Sasa msinielewe vibaya, kwamba basi tusiende tena, tukae ukumbini na viti vya plastiki. Hapana. Yesu mwenyewe aliwaambia mitume waende naye faragha wapumzike kidogo, kwa Marko sura ya sita. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anauliza katika Summa kama kuna fadhila katika michezo, na anajibu ndiyo, akitumia kisa cha zamani cha Yohane Mwinjili na upinde: upinde ukivutwa bila kulegezwa hukatika, na roho ya mtu ni hivyo hivyo. Na Yohane Paulo II, kabla hajawa Papa, alikuwa padre wa kwenda na vijana maziwani na mitoni kwa mitumbwi ya makasia. Mwaka 1958 wito wa kuambiwa kwamba ameteuliwa askofu ulimkuta huko huko safarini. Alikwenda Warsaw akaitikia, kisha akarudi kwenye mitumbwi. Isitoshe, mimi nilikunywa maji ya Mindu miaka mitatu kutoka bombani bila kuyawaza hata siku moja. Nilianza kuyawaza siku niliyoyaona.

Nililipeleka kwenye kitubio, nikiona aibu kidogo, maana nilihisi padre atacheka. Sufuria! Hakucheka. Wala hakuniuliza sabuni ilikuwa kiasi gani. Aliniuliza: "Ulikuwa na nani?"

Hapo ndipo nilipowakumbuka wale dada watatu na sahani zao. Walikuwa wanaangalia frateri anafanya nini. Nilichomwaga bwawani ni kijiko cha sabuni. Nilichowapa wao ni ruhusa, na ruhusa haiyeyuki kwenye maji mengi. Wataenda nayo Mindu, wataenda nayo ziwani Victoria, watawapa watoto wao. Kwa hiyo ile "moja tu" yangu haikuwa moja hata kwa dakika tano.

Bado kuna kitu kinanibana, na sitaki kukificha. Jibu la padre linategemea kwamba nilionekana. Je, kama ningekuwa peke yangu, jioni, hakuna mzee wala dada? Nadhani ningekuwa nimefanya kitu kibaya bado, ila siwezi kukithibitisha kwa hesabu. Karol Wojtyła huyo huyo, mwaka 1969, aliandika kitabu kizima kuhusu mtu na tendo lake, na wazo moja nililobaki nalo ni kwamba tendo, kabla hata halijabadilisha kitu huko nje, limeshambadilisha anayelitenda. Yule kijana aliyecheka kwa adabu mbele ya mzee alikuwa anajizoeza kutowaona watu walio chini ya mto. Miaka michache ijayo, Mungu akipenda, watamkabidhi parokia.

Tulirudi Mindu mwezi uliofuata. Sufuria tulilirudisha na ukoko wake, limefungwa kwenye kiroba, na harufu ya vitunguu ikajaa Coaster mpaka dereva akalalamika na kufungua madirisha yote. Nilimtafuta yule mzee nimwombe radhi. Mtumbwi ulikuwepo, umefunikwa, ila yeye hakuwepo, na vijana wa pale wakasema leo hakutoka. Dada yule mkali alikuwa ameshika chupa tupu za soda mikono miwili, ananingoja. "Frateri, twende, giza linaingia."