Uzuri wa Shamba ni wa Nani?

Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu huyapokea bila kuyalipia ni uzuri wa nchi. Msafiri anayetoka Mombo kwenda Lushoto wakati wa kiangazi huupokea kwa wingi. Mombo iko chini, pasipofikia mita 500 juu ya usawa wa bahari, na nyika yake wakati huo imekauka. Kutoka hapo barabara hupanda kona baada ya kona kwa kilomita zipatazo 33, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, hata kufika Lushoto kwenye mita 1,400 hivi. Njiani hewa hubadilika na rangi ya nchi hubadilika. Migomba imezizunguka nyumba, mahindi makavu yangoja kuvunwa miteremkoni, na chini mabondeni kabichi, karoti na nyanya zingali kijani. Msafiri hushusha kioo cha gari na kusema, "Mungu ameipendelea nchi hii."

Kauli hiyo ni njema, ila haijakamilika. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Bonde halibaki kijani katika kiangazi kwa hiari yake. Yupo aliyechimba mfereji, na yupo aliyeamka alfajiri kuyaelekeza maji shambani. Basi, uzuri huo ni wa nani: wa anayeutazama au wa aliyeutengeneza? Na je, mtazamaji anadaiwa chochote?

Wako wasemao kwamba hadaiwi. Macho hayana pazia, na kabichi haipungui kwa kutazamwa. Wako na wengine wasemao kwamba uzuri ni anasa ya mpita njia. Mwenye jembe haoni uzuri, huona kazi tu.

Kauli hii ya pili hujifanya kumtetea mkulima, kumbe yamdunisha. Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, wana usemi wao wa kale: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake, kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mwanahistoria Steven Feierman ameieleza mawazo hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1990. Nchi iliyopona ni ile yenye mvua, chakula na amani. Nchi iliyoharibika ni ile yenye njaa na ugomvi wa wakubwa. Watu wenye fikra kama hizo hawawezi kuambiwa kwamba hawauoni uzuri wa nchi yao. Wanauona, na wanaijua gharama yake.

Ile kauli ya kwanza hujibiwa na historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliitazama milima hiyo hiyo ikaona udongo ukichukuliwa na maji. Katika kuona haikukosea, kwani mmomonyoko ulikuwapo. Lakini ikaamuru watu walime matuta miteremkoni, na aliyekaidi akaadhibiwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake. Wananchi wakaipinga amri, upinzani wao ukaungana na harakati za kudai Uhuru, na mpango ukaachwa kabla ya mwaka 1961. Leo iko miteremko ya Lushoto yenye ngazi na mistari ya majani ya kuzuia udongo, nayo hutunzwa na wenye mashamba. Kilichokataliwa miaka ile kilikuwa amri ya mtu aliyeuona udongo asimwone mwenye udongo.

Kutazama, basi, si jambo dogo. Anayetazama huhukumu, na mwenye madaraka akishahukumu huamuru. Sisi watumishi wa umma, pamoja na walimu na wataalamu, twasafiri sana kwa barabara, na shamba la kando ya barabara ndilo tulionalo. Nyuma ya kilima yuko mama ambaye hujitwika mzigo wa mboga mpaka mahali gari linapofika. Shamba lake halimo katika sifa zetu, wala shida yake haimo katika taarifa zetu.

Deni la mtazamaji ni la namna mbili. Kwanza, aulize kabla ya kuhukumu, na ashuke garini ili aulize. Pili, sifa zake zilingane na matendo yake. Msafiri yule yule aliyeistaajabia nchi husimama njiani kununua ndoo ya nyanya, akabishana na muuzaji mpaka bei ikashuka chini ya jasho lililomwagika. Mdomo wake umeusifu uzuri, na mkono wake umekataa kuulipia.

Uzuri wa shamba ni wa wote kuutazama. Jambo hilo halina ubishi. Lakini aliyeutengeneza ana haki ya kutambuliwa, kusikilizwa na kulipwa kwa haki. Kijana mwanafunzi atakayepita njia kama hiyo na ayafurahie macho yake bila hofu, kisha ajiulize ni mikono ya nani iliyomwandalia furaha hiyo.