Mama Fua Hajaulizwa

Beshte yangu anaishi bedsita Kawangware na nge aina ya Parabuthus. Magando membamba, mkia mnene: kwa kawaida hiyo ndiyo ishara ya sumu kali. Akienda kazini tao, anamwacha ndani ya mkebe chini ya kitanda. "Mwili ni wangu," anasema, "nikidungwa ni shauri yangu."

Sawa. Lakini mama fua anayeinama chini ya kitanda hicho kila Jumamosi hakukubali chochote. Wala mtoto wa jirani, na kwa mwili mdogo sumu ile ile huzidi ukali. Dawa ya kuizima hutengenezwa Afrika Kusini. Usiitafute kwa kemisti ya steji.

Nilimuuliza kama mama fua anajua. Akacheka. Angejua, si angekataa kazi?