Fumbo Lililopotewa na Mlengwa: Taarabu ya Mombasa na Maadili ya Kumbukumbu

Mnamo 1990, GlobeStyle ya London ilitoa santuri ya Zein l'Abdin, Mtindo wa Mombasa. Hadhira ya ughaibuni ilisikia udi na sauti. Hadhira ya Mji wa Kale, iliyolelewa na kanda na nyimbo za arusini, ilizoea kuuliza pia: anasemwa nani? Fanani wa taarabu aghalabu hutunga kwa mafumbo, na fumbo laweza kumjeruhi asiyetajwa, naye akakosa pa kujibia.

Leo, baada ya Juma Bhalo kufariki 2014 na Zein 2016, nyimbo za zama zao hukumbukwa kama urithi mtamu. Suala linalozuka ni hili: je, kupita kwa muda hulifuta jeraha? Yumkini ikadaiwa kwamba fumbo lililopotewa na mlengwa limekuwa sanaa tupu. Dai hilo halitoshi, kwani usahaulifu wa msikilizaji si msamaha wa aliyesemwa. Hata hivyo, mhakiki anayemfichua mlengwa humjeruhi mara ya pili. Basi uhakiki wa haki ni ule unaokiri kuwa fumbo lilimlenga mtu, ukaufafanua ufundi wake, kisha ukalinyamazia jina.