Tairi la Majira Yote na Haki ya Kuamini

Katika falsafa ya ujuzi, yaani tawi la falsafa linalochunguza jinsi binadamu anavyojua kile anachodai kukijua, lipo swali ambalo huonekana jepesi hadi lishushwe barabarani: je, mtu aliyetumia kitu kwa miaka bila kudhurika anajua kwamba kitu hicho ni salama, au anajua tu kwamba hakudhurika? Madereva wa Marekani na Kanada wanaofunga matairi ya majira yote ya daraja la juu, yale yaliyokusudiwa magari ya kasi, wanatoa mfano mzuri wa swali hili, kwa kuwa ushuhuda wao ni mwingi, sehemu yake kubwa ni ya kweli, na hata hivyo hauthibitishi kila wanachodhani unathibitisha.

Tairi la aina hii ni jaribio la kupatanisha mahitaji yanayopingana. Mpira wa tairi la kiangazi hushika lami barabara wakati wa joto, lakini hukakamaa baridi inapoingia, na ndiyo maana watengenezaji hushauri lisitegemewe joto la hewa linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi; mpira wa tairi la baridi, kwa upande wake, hubaki laini katika baridi kali, lakini juu ya lami ya moto huwa teketeke na kulika upesi. Silika, madini ya jamii ya mchanga ambayo kampuni ya Michelin ilianza kuyachanganya kwenye mpira wa matairi ya gari dogo mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilisaidia kupunguza ukali wa mvutano huo, na kashata za tairi, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka vinavyogusa barabara, zikachanjwa mikato myembamba inayoikamata theluji. Matokeo yake ni tairi linaloweza kukimbia Julai na Januari bila kuwa bora kuliko yote katika mwezi wowote kati ya hiyo miwili.

Madereva hulisifu kwa mambo manne: halivumi kwenye barabara kuu, gari huitikia usukani mara moja, mvua kubwa hailiyumbishi, na asubuhi ya theluji halikumzuia mtu kwenda kazini. Mawili ya mwanzo dereva anayajua kwa masikio na mikono yake, kila siku, na hakuna sababu ya kumbishia. La mvua liko katikati. La theluji ni la aina nyingine kabisa, kwa sababu kuondoka kwenye theluji hudai mshiko mdogo, hasa kwa gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ilhali kusimama ghafla hudai mshiko wote uliopo, na hapo gari hilo halina la kujivunia mbele ya jingine, kwa kuwa kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne. Dereva aliyetoka nyumbani bila kukwama amejibiwa swali la kwanza, naye akalichukua jibu hilo kuwa la swali la pili.

Alama zilizochapwa ubavuni mwa tairi zinachangia mkanganyiko huo. Herufi M+S, zinazomaanisha matope na theluji, hutolewa kwa kuangalia umbo la kashata na nafasi zilizo kati yake, bila kulazimu tairi lijaribiwe kwenye theluji. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji hudai jaribio halisi, lakini kwa utaratibu wa Amerika ya Kaskazini jaribio hilo hupima nguvu ya kuvuta gari na kuongeza mwendo juu ya theluji iliyoshindiliwa, wala halipimi kufunga breki au kukata kona kwenye barafu.

Mwanafalsafa David Hume, katika kitabu chake cha 1748 kuhusu akili ya binadamu, alishikilia kwamba ushuhuda hupata uzito wake kutokana na uzoefu wetu wa kuona mashahidi wakiafikiana na mambo yalivyo, na kwamba imani haipaswi kuuzidi uzito huo. Katika suala la matairi tatizo si uaminifu wa shahidi. Katika uendeshaji wa kawaida dereva hutumia sehemu ndogo tu ya mshiko uliopo, na sehemu iliyobaki ni akiba ambayo huenda asiiguse kwa miaka. Hivyo safari zake nyingi ni ushuhuda juu ya utulivu wa barabara zake na tabia yake ya kukanyaga mafuta kuliko juu ya tairi. Isitoshe, lawama na sifa hazigawiwi kwa mizani moja: aliyefika salama hulishukuru tairi, na aliyeserereka mtaroni huilaumu barafu.

W. K. Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alilitoa jambo hili kutoka kwenye ujuzi na kulipeleka kwenye maadili katika makala yake ya 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Alimfikiria mwenye meli iliyochakaa ambaye, kabla ya kuijaza wahamiaji, alizituliza shaka zake kwa kukumbuka kwamba meli hiyo ilikwisha kuvuka bahari mara nyingi na kwamba Mungu asingeziacha familia hizo. Meli ilizama. Clifford aliamua kwamba mtu huyo ana hatia, kisha akaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Wasomaji wanaojua mafunzo ya Kiislamu kuhusu tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, watakumbuka hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ambamo Mtume alimwelekeza mtu kumfunga ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Na kwa kipimo hicho mwenye meli alikosa imani sahihi na alikosa uangalifu kwa wakati mmoja.

Lipo tairi moja ambalo linaifanya hoja ya Clifford ionekane kwa macho. Kwenye kashata za ExtremeContact DWS 06 la kampuni ya Continental zimechongwa herufi D, W na S, zinazosimamia lami kavu, maji na theluji, nazo hufutika kwa zamu kadiri mpira unavyolika: S ikishatoweka, tairi halitegemewi tena kwenye theluji, hata kama bado lina kina kinachozidi milimita 1.6 ambazo sheria za nchi nyingi huzitaja kuwa kiwango cha chini. Dereva aliyelisifu majira ya baridi yaliyopita hakudanganya. Alikuwa akisema habari za tairi ambalo sasa halipo, ingawa jina ni lile lile na gurudumu ni lile lile. Kuinama na kutazama hakuchukui hata dakika moja.

William James, mwanafalsafa Mmarekani aliyemjibu Clifford mwaka 1896, alikumbusha kwamba yapo maamuzi yasiyoweza kungoja ushahidi ukamilike, na ni kweli kwamba hakuna dereva anayeweza kupima kila kitu kabla ya kutia ufunguo. Lakini James alizungumzia maswali ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua, na herufi iliyofutika si swali la namna hiyo.

Kuamini kupita kiasi, tena, hakubaki moyoni tu. Mjini Munich, katika miaka ya 1980, teksi zilizofungwa breki zinazozuia magurudumu yasijifunge zililinganishwa na zile zisizo nazo, na ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa madereva wenye breki bora waliendesha kwa ukali zaidi na kuitumia akiba waliyopewa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba tairi bora haliwezi kufanya vivyo hivyo.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel, mwaka 1976, walikitazama kipande cha suala hili ambacho Clifford alikipita upesi. Madereva wawili wenye matairi yaliyopoteza S wanaingia makutano yale yale kwa mwendo ule ule. Mbele ya mmoja anavuka mtoto, mbele ya mwingine hapana mtu. Hali hii waliiita bahati ya kimaadili: uzembe ni mmoja, lakini dunia humlaumu wa kwanza kwa namna ambayo haitamgusa kamwe wa pili, na wa kwanza mwenyewe hujilaumu vivyo hivyo. Sheria ya Quebec, jimbo la Kanada, inayolazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, inasimama upande wa Clifford, kwa sababu humtoza faini hata dereva ambaye barabara yake siku hiyo ni kavu na hajamgusa mtu, naye hulalamika kwamba ameadhibiwa bila kosa. Lakini sheria za kina cha kashata hazihesabu herufi zilizofutika, na kati ya milimita 1.6 na kina kile ambacho S hutoweka kuna maelfu ya kilomita ambazo hukumu yake iko mikononi mwa dereva peke yake, ilhali anayevuka barabara kwa miguu, ambaye ndiye atakayebeba gharama ya imani hiyo, hakuulizwa.