Mwenye Mashaka Amtafute Nani?

Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama kanisa la Wamormoni, Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa kawaida ni ya kufunga na kutoa ushuhuda. Hakuna hubiri lililoandaliwa. Muumini yeyote, mtu mzima au mtoto, huweza kwenda mbele na kusema lililo moyoni. Neno linalorudiwa sana siku hiyo si "naamini" bali "najua": najua kwamba kanisa hili ni la kweli, najua kwamba Joseph Smith, aliyelianzisha mwaka 1830 katika jimbo la New York, alikuwa nabii.

Sasa tumfikirie mama mmoja wa Utah, Marekani, ambaye ameketi katikati ya waumini hao na hajui. Amesoma kwamba Joseph Smith alioa wake wengi. Anajiuliza kwa nini wanaume weusi walinyimwa ukuhani hadi mwaka 1978. Anatazama kulia na kushoto; kila mtu anaitikia Amina. Anahitimisha kwamba yuko peke yake. Lakini huenda mzee anayeketi nyuma yake anawaza hayo hayo. Wawili hao wanaweza kusalimiana kila Jumapili kwa miaka ishirini, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa mwamba.

Sisi Walutheri tunatofautiana na kanisa hilo katika mambo makubwa, likiwamo fundisho la Utatu na nafasi ya Kitabu cha Mormoni. Lakini simtaji mama huyu ili tumnyoshee kidole. Swali lake ni la kila usharika: je, ni halali mwenye mashaka kumtafuta mwenzake ndani ya kanisa lile lile, au huko ni kupanda uasi?

Tuanze na gharama. Muumini wa kanisa hilo hupangiwa mahali pa kusali kufuatana na makazi yake. Askofu wa mahali hapo halipwi mshahara. Ni jirani mwenye kazi yake nyingine. Ni yeye au wasaidizi wake wanaomhoji muumini anayetaka kibali cha kuingia hekaluni, na katika mahojiano hayo imani yake huulizwa waziwazi. Asiye na kibali haingii kushuhudia ndoa inayofungwa hekaluni, hata kama bibi harusi ni binti yake wa kumzaa. Basi mama yule anaweza kujikuta kati ya mambo mawili: kusema kweli akasubiri nje, au kutamka asichokiamini akaingia. Mtu hapaswi kubeba mzigo wa namna hiyo peke yake.

Na wapo waliotafutana. Mwaka 1966 waumini kadhaa wasomi, akiwamo Eugene England, walianzisha huko California jarida liitwalo Dialogue ili maswali yajadiliwe hadharani. Mwaka uliofuata mwanahistoria Richard Poll alisimama mbele ya waumini wenzake wa Palo Alto akaeleza kwamba kuna waumini wa aina mbili. Wapo walioshika fimbo ya chuma inayowaongoza hatua kwa hatua, na wapo wanaofuata dira inayoonyesha upande wa kwenda bila kujibu kila swali. Alijihesabu miongoni mwa hao wa pili, akasisitiza kwamba wote ni wa nyumba moja. Njia haikuwa laini. Septemba 1993 waandishi na wasomi sita walichukuliwa hatua za nidhamu, na wengi wao wakatengwa kabisa. Hata hivyo, mwaka 2013 Dieter Uchtdorf, mmoja wa viongozi wakuu, alikiri katika mkutano mkuu kwamba viongozi waliwahi kukosea, akawaambia wenye maswali kwamba nafasi yao ipo.

Atakayepinga atasema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tukiwaacha wenye mashaka wakutane, si wataambukizana? Hofu hiyo ina msingi. Lakini kidonda kinachofunikwa hakiponi kwa kufunikwa. Katika Makala za Smalcald za mwaka 1537, Luther alihesabu mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu miongoni mwa njia ambazo Injili hutufikia. Aliyaweka pamoja na Neno, Ubatizo na Meza ya Bwana.

Tazama pia Tomaso. Siku nane baada ya kukataa kusadiki, alikuwa bado chumbani pamoja na wenzake. Hao kumi walikuwa wamemwona Bwana, naye hakuwa amemwona; wala hawakumfukuza, wala yeye hakuondoka. Bwana alimkuta humo. Na Mathayo anasimulia kwamba hata pale mlimani Galilaya baadhi yao waliona shaka, nao wakatumwa pamoja na wengine.

Lakini si kila mwenzi wa mashaka anafaa. Yuko anayetafuta kweli pamoja nawe, na yuko anayefurahia tu kuona unabomoka. Jipime hivi: je, mnaweza kuomba pamoja? Je, mtalikubali jibu likija, hata likiwagharimu? Hapa nisema wazi: kwa mama yule wa Utah, baadhi ya mashaka yake naona ni kweli inayobisha hodi. Kwa hiyo siwezi kumwambia mwenye mashaka wa usharika wangu kwamba shaka ni dhambi siku zote. Kipimo ni kweli, na mwenye kuitafuta kwa uaminifu hamkimbii Kristo.

Na kwetu je? Katika sharika zetu nyingi ushuhuda ni wa vita vilivyokwisha kushindwa: nilikuwa hivi, Bwana akaniokoa, haleluya. Aliye bado vitani hana la kusema, hivyo hunyamaza. Kijana wa kipaimara akiuliza swali gumu huambiwa aongeze maombi. Tunajenga ukimya ule ule.

Imani yetu haisimami juu ya nguvu ya neno "najua." Inasimama juu ya ahadi tuliyopewa kutoka nje yetu, katika maji ya Ubatizo. Anayeshikwa na Kristo anaweza kukiri kwamba mkono wake mwenyewe unatetemeka. Basi katika jumuiya yako, siku mwenzako atakaposema, "Mimi mwezi huu nimeshindwa kuomba," usikimbilie kumrekebisha. Kaa naye. Na kama nawe uko hapo hapo alipo, mwambie.